Kwa nini sichoki na Dave Robicheaux: jibu kwa mleta uzi

Mleta uzi, umesema ulinunua kitabu kimoja cha James Lee Burke, Mmarekani anayeandika riwaya za mpelelezi Dave Robicheaux, kwa kusikia sifa, ukakimaliza, ukachukua cha pili, ukakuta ni mambo yale yale: polisi aliyeacha pombe, tajiri mwenye kiburi, muuaji asiye na haya, mvua, kinamasi, ngumi. Ukauliza watu wanaona nini hadi wanavimaliza vyote 24, tangu The Neon Rain cha 1987 hadi Clete cha 2024. Mimi nimevimaliza, vingine nimevirudia mara mbili na tatu, kwa hiyo acha nikujibu kwa kirefu. Uliyoyaona ni kweli. Ila huko kurudia unakokulalamikia ndiko kulikonishika mimi.

Mimi ni dereva wa lori, naishi Houston, mzaliwa wa Kidatu, bonde la Kilombero, kwenye mashamba ya miwa. Kwa miaka mingi njia yangu imekuwa barabara kuu ya I-10, Houston hadi New Orleans, kilomita kama 560. Unapita Beaumont, unavuka mpaka wa Texas, unaona mitambo ya mafuta ya Lake Charles ikiwaka usiku, unafika Lafayette, halafu unapanda daraja la Atchafalaya, karibu kilomita 29 za zege juu ya maji na miti. Mara ya kwanza nililivuka usiku na sikujua chini yangu kuna nini. Mzee mmoja wa Opelousas, dereva mwenzangu tuliyekuwa tukipakia ghala moja, aliniuliza huwa nasikiliza nini njiani. Nikamwambia mahubiri na muziki. Akaniambia nitafute The Tin Roof Blowdown, kitabu cha Burke cha kusikiliza kilichosomwa na Will Patton, nitajua ninapita wapi.

Kwa hiyo niliingia kwenye mfululizo huu kwa mlango wa nyuma, kitabu cha 16, kilichotoka 2007. Ni kitabu cha Katrina. Kimbunga kilipiga tarehe 29 Agosti 2005, kingo za mifereji zikapasuka, na takriban asilimia 80 ya New Orleans ikawa chini ya maji. Ndani ya kitabu kuna padri mgonjwa, mwenye uraibu wa dawa za maumivu, anayetafuta mashua awatoe watu waliokwama darini kwenye kanisa, na kuna vijana wezi wanaoitaka mashua hiyo hiyo kwa ajili ya kuiba kwenye nyumba za matajiri. Nilikuwa nashusha mzigo kwenye mji ule ule, na kwenye baadhi ya nyumba alama za rangi walizopaka waokoaji ukutani zilikuwa bado zinaonekana. Nilikaa ndani ya lori dakika arobaini baada ya kumaliza kushusha, injini imezimwa, nasikiliza. Miaka michache baadaye, Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipotufunika Houston, na mimi nikabeba watoto wa jirani begani kwenye maji ya kiunoni, nilikirudia kitabu kile na nikaona mambo niliyokuwa nimeyapita bila kuyasikia. Kwa mfano, namna Burke anavyoeleza ukimya baada ya mafuriko. Ukimya ule siwezi kuueleza kuliko alivyoueleza yeye.

Nilipomaliza nikarudi mwanzo.

Kwa wasiomjua, Dave Robicheaux ni Mkajuni. Mababu wa Wakajuni walikuwa Wafaransa wa Acadia, huko Kanada ya leo, waliofukuzwa na Waingereza kuanzia 1755, na wengi wao wakaishia kwenye vinamasi vya kusini mwa Louisiana. Baba yake Dave alikuwa mwindaji na mfanyakazi wa visima vya mafuta, na alikufa kwenye mlipuko wa kisima baharini. Dave alipigana Vietnam, akawa mpelelezi wa mauaji New Orleans, akaacha kazi, akarudi kwao New Iberia kuuza chambo na kukodisha mashua kandokando ya bayu, yaani mkondo wa maji yanayokwenda polepole mpaka unadhani yamesimama. Hapo anafanya kazi na Batist, mzee mweusi anayemfahamu tangu utotoni. Baadaye anaingia ofisi ya sherifu wa Parokia ya Iberia. Ndiyo, parokia. Louisiana haina wilaya kama majimbo mengine ya Marekani. Mipaka ya utawala ilifuata ya Kanisa Katoliki tangu zama za Wafaransa na Wahispania, na jina likabaki hadi leo.

Sasa turudi kwenye swali lako. Wengi wetu tulianza hadithi za upelelezi na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960 na mimi nilikikuta shuleni, kurasa za mwanzo zimeng'oka. Pale raha ni fumbo. Bwana Msa anavuta kiko, Najum anashangaa, na mwishoni unaambiwa nani alifanya nini na wewe msomaji ulizubaa wapi. Ukimsoma Burke kwa macho hayo utakasirika, kwa sababu yeye hafichi sana. Mara nyingi ukifika robo ya kitabu Dave anajua mbaya ni nani, na wewe unajua. Kinachobaki ni kwamba hawezi kumshika. Yule mtu ana mashamba, ana senata mfukoni, ana jina la ukoo lililoandikwa kwenye mawe ya makaburi tangu kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Basi unachosubiri kujua ni nini hasira itamfanya Dave, na kama ataimaliza wiki bila kunywa.

Hapo kwenye kunywa ndipo penyewe.

Dave anahudhuria mikutano ya Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza Akron, Ohio, mwaka 1935. Burke mwenyewe amesema waziwazi kwamba alikuwa mlevi na kwamba mikutano ya aina hiyo ndiyo iliyomtoa. Unaona kwenye maandishi. Hakuna kitabu ambacho Dave hapiti mbele ya baa akasikia barafu inavyogonga glasi. Hakuna kitabu ambacho haoti ndoto za pombe. Kwenye The Neon Rain wahalifu wanamnywesha kwa nguvu. Kwenye vitabu vingine ni msiba, au ni jioni tu yenye mwanga fulani juu ya maji. Msomaji wa haraka anasema: lakini hili nilishalisoma. Ndiyo, na yeye Dave alishalipitia, na kesho atalipitia tena, kwa sababu mlevi aliyeacha hana siku anayoweza kusema imekwisha.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, na alikuwa mlevi. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana naye husema hivyo hivyo. Siku ya mshahara mama alitutuma mimi na dada tukamsubiri getini kabla hajafika kwa muuza gongo. Aliacha mwaka niliomaliza darasa la saba. Akakaa miaka kumi na mmoja. Tulipomzika mama, siku ya arobaini, alikunywa, na akaendelea miezi mitano. Kisha akaacha tena. Baadhi ya ndugu waliniambia kwamba basi hakuwahi kuacha, ile miaka kumi na mmoja ilikuwa bure. Sikuwa na la kuwajibu. Nilikuwa na hasira naye pia, tena kubwa, na ya kukaa mbali bila kumpigia simu.

Robicheaux, kitabu cha 2018, ndicho kilichonifundisha kumwelewa. Mke wa Dave wa wakati huo, Molly, ambaye zamani alikuwa mtawa, amekufa kwenye ajali ya gari. Dave anakunywa baada ya miaka mingi ya kuacha. Usiku mmoja unampotea kichwani kabisa, na asubuhi mtu aliyesababisha ile ajali anakutwa amepigwa hadi kufa. Dave anatazama mikono yake. Hajui. Mpelelezi wa mauaji, mtu ambaye maisha yake yote kazi ni kuwauliza wengine walikuwa wapi usiku, hawezi kusema yeye alikuwa wapi. Sitakwambia jibu. Nakwambia tu kwamba nilipokuwa nasikiliza sura zile nilikuwa naelekea Baton Rouge na ilinibidi nitoke barabarani kwenye kituo cha mapumziko. Nilikaa na swali moja: mtu huyu ambaye nimekuwa naye vitabu 20, je, vile 20 vimekuwa uongo kwa sababu ya usiku mmoja? Na nilijua jibu kabla kitabu hakijanipa. Zile asubuhi zote alizoamka akachemsha kahawa, akampa Tripod chakula (ni rakuni wa miguu mitatu wa nyumbani kwao), akaenda kazini bila kunywa, zilikuwa za kweli, kila moja peke yake. Nilimpigia baba kesho yake.

Sasa anaishi Ifakara kwa dada. Nampigia kila Jumapili. Akimaliza kuuliza habari za watoto, husema, "Leo sijagusa." Hasemi ameacha. Ndiyo maana nakwambia mfululizo mrefu ndio umbo pekee linalofaa hadithi ya mtu kama Dave. Kitabu kimoja chenye mwisho mzuri kingedanganya, kwa sababu kingemwacha mahali ambapo mlevi hafiki.

Na jambo hilo hilo, Burke analiona kwenye ardhi. Soma In the Electric Mist with Confederate Dead cha 1993. Kuna wauaji wa wasichana wa siku hizi, lakini kuna pia mifupa ya mtu mweusi iliyofukuliwa kwenye kinamasi cha Atchafalaya, minyororo ikiwa bado ipo. Dave alipokuwa kijana, 1957, aliona mtu yule akiuawa, akasema, na hakuna aliyetaka kusikia. Halafu kwenye ukungu anaanza kukutana na Jenerali John Bell Hood, mkuu wa jeshi la Kusini katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, aliyekufa karne iliyotangulia, akiwa na mguu mmoja na mkono uliolemaa. Wengine wanaona mizimu ile imezidi. Mimi niliyekulia mahali ambapo watu hupita kwa adabu kwenye miti fulani sikuona ajabu yoyote. Kwenye Sunset Limited cha 1998 ni mtetezi wa wafanyakazi aliyegongomewa misumari ukutani mwa ghala miongo kadhaa kabla, na watoto wake wanarudi mjini. Kwenye Purple Cane Road cha 2000 Dave anaambiwa kwamba mama yake mwenyewe aliuawa, na waliomuua walikuwa polisi. Kila mara ni deni la zamani ambalo halikulipwa, na mtu wa leo analikuta mlangoni.

Gereza linalotajwa karibu kila kitabu linaitwa Angola. Ni gereza la jimbo la Louisiana, shamba la ekari 18,000, mto Mississippi umelizunguka pande tatu. Lilikuwa shamba la watumwa na likaitwa Angola kwa sababu ya kule walikotolewa watu waliolilima. Wafungwa wanalima hadi leo, na wengi wao ni weusi. Mtu wa Kiafrika akisikia mhusika anasema fulani amefungwa Angola, moyo unashtuka kidogo kila mara, hata ukiwa umeshazoea.

Kuhusu Clete Purcel sitaandika sana, maana ukimpenda utampenda mwenyewe. Mwenzake Dave tangu New Orleans, mnene, kofia ndogo, mashati ya maua, gari la Cadillac lisilo na paa, alitoka polisi kwa makosa yake na sasa ni mpelelezi binafsi. Aliwahi kuendesha mtambo wa kuchonga barabara akapitisha katikati ya nyumba ya mhalifu mkubwa ufukweni mwa ziwa Pontchartrain. Kwenye pochi anabeba picha ya mama wa Kiyahudi akiwapeleka wanawe kwenye chumba cha gesi Auschwitz, aliikata kwenye gazeti. Mtambo ule na picha ile viko ndani ya mtu mmoja, na Burke anakufanya uamini. Kwenye Clete, kile nilichokitaja mwanzoni, yeye ndiye anayesimulia.

Nisikufiche mapungufu. Wabaya wake wanafanana kupita kiasi, hilo umeliona vizuri. Kuna vitabu vya katikati ambavyo nikisimuliwa leo sikumbuki kipi ni kipi. Dave alipigana Vietnam na bado anapiga watu ngumi kwenye miaka ambayo mtu wa umri wake angekuwa anatembea na fimbo, kalenda haikubali. Kubwa zaidi kwangu ni Batist. Burke anampa utu, anampa hasira yake, lakini kwa vitabu vingi tunamwona akiwa dukani tu, akingoja Dave arudi. Nimetamani sana sura moja, hata moja, tuingie nyumbani kwake jioni akiwa na watu wake. Mwandishi anayejua ardhi ile imejengwa na mikono ya nani alikuwa na uwezo wa kuiandika sura hiyo. Pia damu ni nyingi. Kama kuna mtu hapa hawezi kusoma ukatili dhidi ya wanawake, achague kwa uangalifu.

Lakini uvumilivu wa mtu huyu naustahi. Kabla ya Dave alikuwa na riwaya iliyokataliwa na wachapishaji mara 111 kwa miaka tisa, hadi shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana lilipoitoa 1986. Mwaka uliofuata ndipo Dave akazaliwa. Kitabu cha tatu, Black Cherry Blues, kikapata Edgar, tuzo ya Marekani ya riwaya za uhalifu, na 2024, akiwa na miaka 87, akaipata tena kwa riwaya nyingine nje ya mfululizo huu.

Uanzie wapi? Usianze na cha kwanza, bado alikuwa anautafuta mwendo. Anza na Heaven's Prisoners cha 1988. Sura ya mwanzo Dave na mkewe Annie wako kwenye mashua, ndege ndogo inaanguka baharini, Dave anazama na kumkuta mtoto wa kike kutoka El Salvador akipumua kwenye mfuko wa hewa uliobaki ndani. Anamlea, anampa jina Alafair, na katika vitabu vilivyofuata unamwona mtoto yule anakua, anasoma sheria, anabishana na baba yake. (Burke ana binti wa jina hilo hilo, naye ni mwandishi wa riwaya za uhalifu na mwalimu wa sheria.) Kisha Black Cherry Blues, ambacho hakieleweki bila yaliyompata Annie. Kisha kile cha mifupa na jenerali. Kisha ruka hadi Tin Roof. Ukimaliza hivyo vinne na bado unaona ni yale yale, nitakubali kwamba si vyako. Filamu ziache kwanza. Ile ya 2009 aliyocheza Tommy Lee Jones ina hali ya hewa sahihi, lakini saa mbili hazitoshi kwa mtu ambaye utamu wake ni kukaa naye miaka.

Mwaka mmoja, Novemba, nilishusha mzigo mapema Lafayette nikakodi gari ndogo nikaenda New Iberia, kama nusu saa kusini. Nilitembea Main Street chini ya mialoni, nikasimama kwenye Bayou Teche. Ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Maji ya kahawia kama Ruaha Mkuu wakati wa masika, ila hayana haraka. Halafu upepo ukageuka na nikasikia harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nitoke nyumbani: miwa inaungua. Wenyeji huuita msimu wa kusaga. Masizi yalikuwa yanashuka kwenye mabega yangu kama yalivyokuwa yanashuka kwenye nguo za mama kwenye kamba.

Nikampigia baba nikamwambia hata huku wanachoma. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali la fundi: wanaichoma ikiwa imesimama, au wanakata kwanza? Sikujua. Nikarudi kwenye gari, nikafuata moshi hadi pembeni ya shamba nje ya mji. Ilikuwa imesimama, majani yameisha, mashina meusi wima. Nikampigia tena kumwambia.